Shajara ya Mradi: Kurekodi Video za Gitaa Kavu Nyumbani, Kakamega

Januari, mwanzo wa kazi

Mradi huu unakusudia kurekodi video za baba yangu mdogo akipiga gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, kwa mtindo wa omutibo, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Kakamega, kwa vifaa ambavyo mwalimu wa shule ya msingi au kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu anaweza kuvipata, kisha kuziweka mtandaoni ili anayetaka kujifunza azitazame bila malipo.

Omutibo ulikua miongoni mwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1950. Mpigaji hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nzito bila kusimama, na kidole cha shahada huimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba, huku mwenzake akigonga au kukwaruza chupa ya Fanta kwa msumari ili kushika mwendo. Nyimbo nyingi za aina hii zilirekodiwa Nairobi na kutolewa katika sahani za santuri, na baadhi bado husikika redioni. Lakini santuri haina mkono. Kijana anayeisikiliza leo analazimika kukisia ni kidole kipi kilichogusa uzi upi, na wazee wanaoweza kumwonyesha wanazidi kupungua kila mwaka.

Kwa hiyo kila uamuzi wa mradi huu nitaupima kwa swali moja: je, mtazamaji ataiona na kuisikia kazi ya kidole gumba? Video ambayo gumba lake halionekani wala halisikiki haitakuwa imemsaidia mwanafunzi, hata kama mwanga wake ni mzuri na maikrofoni yake ni ya bei kubwa.

Vifaa vilivyopo siku ya kuanza ni simu yangu, ambayo kamera yake ya nyuma hurekodi video ya pikseli 1080, kipakatalishi cha zamani, na gitaa lenyewe, lenye nyuzi za chuma. Baba mdogo hatumii kapo ya dukani, kile kibanio cha kukandamiza nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa. Hulaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira nyuma ya shingo ya gitaa, na sina nia ya kumbadilishia jambo hilo, kwa kuwa nalo ni sehemu ya mtindo unaorekodiwa.

Januari, katikati ya mwezi: chumba

Nimeanza na chumba kabla ya kununua chochote, kwa sababu maikrofoni husikia chumba pamoja na gitaa, na chumba kikiwa kibaya, maikrofoni bora itauonyesha ubaya huo kwa uaminifu zaidi.

Chumba tulichopewa ni cha futi 10 kwa 10, kuta zake zimepigwa plasta, sakafu ni ya saruji, na juu ni mabati yaliyozibwa kwa dari nyembamba ya mbao. Ukipiga kofi moja katikati, sauti inarudi kwa mtetemo mwepesi wa haraka, kwa sababu inakimbia kati ya kuta mbili zinazotazamana na hakuna kinachoikamata njiani. Kwenye gitaa mrudio huo huifunika ncha ya kila noti, na omutibo ni muziki wa noti fupi zinazofuatana kwa kasi. Ncha zikifunikwa, mwendo wa gumba na mwendo wa shahada huchanganyika, na sikio haliwezi tena kuvitenganisha.

Tatizo la pili lilijificha zaidi. Kila mara baba mdogo alipopiga uzi wa tano ukiwa wazi, au alipoubana kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), chumba kilivuma kana kwamba mtu amegonga pipa. Sababu yake ni hesabu tu. Wimbi la sauti ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali wa ukuta hadi ukuta hujijenga ndani ya chumba. Kwa futi 10 wimbi hilo ni la takriban hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, ambayo iko chini ya noti nzito kabisa ya gitaa, lakini lile linalofuata ni la takriban hezi 114. Uzi wa tano ukiwa wazi hutoa hezi 110, na kwenye freti ya kwanza hutoa karibu hezi 117. Chumba kinapokuwa mraba, pande zote mbili huchangia uvumi uleule, na mahali unapokuwa na nguvu, mbali na kuta zenyewe, ni katikati kabisa ya chumba, pale ambapo mtu angeweka kiti bila kufikiri.

Dawa yake haikugharimu kitu. Wimbi hilo la pili hudhoofika sana penye robo ya upana wa chumba, yaani takriban futi mbili na nusu kutoka ukutani. Tulisogeza kiti kutoka katikati hadi karibu na eneo hilo, tukakielekeza mshazari ili gitaa lisitazame ukuta uliolingana nalo, na uvumi ukapungua kwa kiasi ambacho hata baba mdogo alikitambua kabla sijamweleza nilichofanya.

Kwa ajili ya mrudio wa haraka tumetundika mablanketi mawili mazito nyuma ya kiti, kwa kuwa maikrofoni inayomtazama mpigaji huutazama pia ukuta ulio nyuma yake, na tumesimamisha godoro kwenye ukuta wa pembeni. Mkeka umetandikwa chini. Kuna watu waliotushauri tubandike trei za mayai ukutani, ushauri ambao husikika kila mahali panapozungumzwa studio za nyumbani. Trei za karatasi ni nyepesi mno: hunyonya kiasi kidogo cha sauti za juu, hazigusi sauti nzito kama ile ya hezi 114, na hazizuii chochote kinachotoka nje. Blanketi zito lililoachwa umbali wa kiganja kutoka ukutani hufanya kazi kubwa zaidi, na usiku hurudi kitandani.

Mwisho wa Januari: majaribio ya simu peke yake

Nilitaka kujua simu inaweza kufika wapi bila msaada, kwa sababu wasomaji wengi wa shajara hii wataanza nayo, na wengine wataishia nayo.

Simu nyingi zimetengenezwa kwa kuzingatia maneno ya mtu anayezungumza. Ndani yake mna mfumo unaopandisha sauti ikiwa ndogo na kuishusha ikiwa kubwa, pamoja na mwingine unaojaribu kufuta kelele za kudumu. Vyote viwili huwafaa wanaopiga simu sokoni lakini huliumiza gitaa. Noti inapopigwa, simu hushusha sauti. Noti inapofifia, simu huipandisha, na pamoja nayo hupanda pumzi ya mpigaji, mlio wa kiti na jogoo wa jirani. Mkia mrefu wa uzi mzito, ambao kwetu ndio gumba lenyewe, huchukuliwa na simu kuwa kelele na kukatwa katikati.

Programu ya bure ya Open Camera, kwa simu za Android, humruhusu mtumiaji kuchagua chanzo cha sauti, na kimojawapo ni sauti ambayo haijachakatwa, kwa simu zinazokikubali. Nilipokichagua, kupanda na kushuka kulikoma, na noti zikafifia jinsi zinavyofifia chumbani. Kwa mtu asiye na fedha ya kuongeza chochote, mpangilio huo mmoja, pamoja na blanketi, utambadilishia video yake kuliko kitu kingine ninachokifahamu.

Lililobaki ni umbali, na hapo ndipo simu peke yake inapofikia mwisho wake. Ili kamera ionyeshe mikono yote miwili na shingo nzima ya gitaa bila kupinda picha, inatakiwa isimame takriban mita moja na nusu kutoka kwa mpigaji. Maikrofoni nayo inataka kuwa karibu, sentimita 30 au hivi. Kutoka mita moja na nusu hadi sentimita 30 sauti inayotoka moja kwa moja kwenye gitaa huongezeka kwa desibeli 14, ilhali sauti ya chumba na ya nje hubaki karibu vilevile. Hakuna programu inayoweza kuurudisha uwiano huo baada ya kurekodi. Picha na sauti zinahitaji mahali tofauti pa kusimama, kwa hiyo zinahitaji vifaa viwili, na uamuzi huo ndio uliofungua mfuko wangu kwa mara ya kwanza.

Februari, mwanzo: kununua kinasa sauti

Njia zilizokuwa mbele yangu zilikuwa kadhaa. Maikrofoni ya kondensa pamoja na kadi ya sauti ya nje ingetoa sauti nzuri sana, lakini maikrofoni ya aina hiyo inahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya wake, kadi inahitaji kipakatalishi, na kipakatalishi kina feni inayovuma ndani ya chumba kidogo. Maikrofoni ya dainamiki, kama zile zinazotumika makanisani, haihitaji umeme huo na hustahimili kuanguka, ila gitaa kavu linalopigwa kwa vidole halina kishindo cha kutosha kwake. Ukilazimisha kuipandisha, kadi ya bei nafuu huleta mchakacho wa kelele pamoja na muziki. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati hufaa kwa mazungumzo, lakini kwenye gitaa husikia zaidi nguo kuliko nyuzi.

Nimenunua kinasa sauti cha mkononi kilichotumika, Zoom H1n. Kina maikrofoni mbili zilizowekwa kwa pembe ya nyuzi 90, kinarekodi kwa biti 24, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, na hakina feni. Betri hizo ndizo zilizonishawishi, kwa sababu stima ikipotea katikati ya wimbo, wimbo unaendelea. Aidha, kwa kuwa vichwa vya maikrofoni hizo viko karibu sana, sauti hufika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja, na hata mtazamaji anayesikiliza kwa spika moja ya simu hapotezi chochote pande mbili zinapounganishwa.

Nilipomweleza baba mdogo kwamba chombo kidogo kama hicho kitatosha, hakushangaa. Hugh Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika mwaka 1954, alizunguka nchi nyingi za bara hili akirekodi kwa maikrofoni aliyoishika mkononi, akiisogeza karibu na chombo kilichokuwa na jambo la kusema. Ninachokichukua kwake ni mkono ule uliojua pa kusogea. Kwetu sisi maikrofoni itasimama, kwa hiyo mahali pake lazima pachaguliwe vizuri tangu mwanzo.

Februari, katikati: mahali pa maikrofoni

Wengi huelekeza maikrofoni kwenye tundu la gitaa, kwa kuwa huonekana kama mdomo wa chombo. Hewa iliyo ndani ya gitaa ina mvumo wake wa asili, kwa magitaa mengi ya ukubwa wa kawaida takriban hezi 100, na hutoka kwa nguvu kupitia tundu hilo. Kwenye omutibo hilo ni hatari mahususi, kwa sababu noti za gumba zilizo karibu na mvumo huo huvimba na zilizo mbali hubaki nyembamba, kana kwamba mpigaji hajui kulinganisha nguvu ya kidole chake.

Mahali tulipopachagua ni mbele ya freti ya 12, umbali wa takriban sentimita 30, maikrofoni ikiwa imeinamishwa kidogo kuelekea pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Hapo nyuzi nzito husikika zikiwa na kiini chake, nyuzi nyembamba zina mwanga, na mkwaruzo wa vidole vya kushoto vinavyoteleza kwenye nyuzi upo bila kutawala. Nilipousogeza mkono wa maikrofoni kuelekea daraja la gitaa, sauti ilikuwa kavu na ya puani. Nilipousogeza mbali zaidi, chumba kilirudi.

Stendi imetengenezwa na fundi seremala wa jirani: kipande cha mbao chenye kitako kizito na skrubu juu yake inayoingia kwenye tundu la chini ya kinasa sauti. Chini ya kitako tumeweka kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa ili mtikisiko wa sakafu usipande.

Kuhusu mtikisiko huo kulitokea mazungumzo ninayotaka kuyahifadhi hapa. Baba mdogo hupiga mguu chini anapocheza, na kiatu chake kwenye saruji kilikuwa kikisikika kama nyundo. Nikamwuliza, "Baba, unaweza kuupumzisha mguu kwa wimbo huu mmoja?" Akaniangalia kwa upole na kusema, "Mwanangu, mguu ukinyamaza, gumba nalo litapotea." Alijaribu kwa heshima yangu, na kweli mwendo ulilegea kabla ya ubeti wa pili. Sasa anavua kiatu, na mguu wake unakaa juu ya gunia lililokunjwa. Sauti ya mguu imebaki kwa mbali sana, na nadhani inastahili kubaki.

Viwango: ninarekodi kwa hezi 48,000, yaani sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, kipimo ambacho ndicho cha kawaida kwa video, na ninapanga kilele kisivuke desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo. Kwa biti 24 nafasi hiyo haina gharama yoyote, na humlinda mpigaji anayepata nguvu katikati ya wimbo. Nyuzi zilibadilishwa na kupigwa kwa muda kabla ya kurekodi, kwa sababu nyuzi mpya kabisa hulegea na kutoka kwenye sauti zilizowekwa, na zilizochakaa huua mng'ao ambao hakuna marekebisho yanayoweza kuurudisha.

Februari, mwisho: chupa

Mwanawe baba mdogo ndiye mpiga chupa. Chupa ya Fanta ya kioo yenye migongo ya duara ina sauti kali na fupi, na nguvu yake huzidi ya gitaa kwa mbali. Ilipokaa pembeni ya mpigaji, ilijaza kipimo chote, na gitaa likawa msindikizaji wake.

Maikrofoni za kinasa hiki husikia zaidi mbele na kupokea kidogo kinachotoka nyuma. Tulimkalisha mpiga chupa nyuma ya maikrofoni, akimtazama mzee, umbali wa karibu mita mbili, na mara moja chupa ikarudi mahali pake: inasikika wazi, na inaingia kwa njia ya chumba zaidi kuliko moja kwa moja. Mpangilio huo una faida nyingine niliyoipenda, kwamba wanatazamana wanapocheza, jambo ambalo lingekuwa gumu iwapo ningerekodi kila mmoja peke yake na kuwaunganisha baadaye. Muziki huu unategemea macho hayo.

Chupa imetupa pia alama ya kulinganisha picha na sauti. Kabla ya kila wimbo kijana huingia mbele ya kamera, hugonga mara moja, hunyamaza, kisha hurudi mahali pake. Kwenye kompyuta mgongano wa msumari huonekana kama mstari mwembamba uliosimama, na kwenye video fremu ambayo msumari unagusa kioo huonekana bila shaka. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40, na sikio la mpiga gitaa hutambua kidole kinachotangulia sauti yake kwa kiasi hicho, hasa kidole kinapokuwa ndicho somo.

Machi: picha

Nilianza kwa kuweka simu mbele moja kwa moja, kwenye usawa wa kifua, na picha ilikuwa nzuri kwa mtu anayetaka kumwona mwanamuziki. Kwa anayetaka kujifunza ilikuwa na upungufu, kwa kuwa mgongo wa mkono wa kulia uliifunika sehemu kubwa ya kazi. Tuliisogeza simu kuelekea upande wa shingo ya gitaa, mkono wa kulia wa mtazamaji, ikiwa juu kidogo ya tundu la gitaa. Kutoka hapo gumba na shahada huonekana kwa ubavu, kimoja kikishuka wakati kingine kinapanda, na mkono wa kushoto uko karibu na kamera bila kuziba njia. Penseli ya kapo nayo inaonekana vizuri.

Tunatumia kamera ya nyuma. Ya mbele ina ubora mdogo, na katika simu nyingine huhifadhi picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, hivyo mwanafunzi humwona mpigaji wa mkono wa kushoto asiyekuwapo. Ulengaji na mwanga vimefungwa kabla ya kuanza, maana kamera ikiachiwa uhuru hukimbiza kila kidole kinachosogea, na picha hufifia na kurudi katikati ya kifungu muhimu.

Jambo lililotuchukua muda mrefu ni umbo la nyuzi. Siku zenye jua kali, nyuzi katika video zilionekana zikijipinda kama mawimbi makubwa ya maji, umbo ambalo macho hayaoni chumbani. Kihisi cha simu husoma picha mstari kwa mstari, na jua linapokuwa kali, kamera hufungua kwa muda mfupi mno; kila mstari hunasa uzi ukiwa mahali tofauti, na uzi ulionyooka hutoka umepinda. Wapo wanaovutiwa na umbo hilo. Kwa somo linapotosha, kwa sababu macho ya mwanafunzi huenda kwenye mawimbi badala ya kidole kilichoyaanzisha. Tulitundika pazia jeupe dirishani, mwanga ukapungua na kulainika, nikafunga muda wa kufungua kwenye sehemu ya 1/50 ya sekunde, na nyuzi zikarudi kuwa ukungu mwembamba kama macho yanavyoziona.

Kipimo hicho cha 1/50 kina sababu nyingine. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera inayofungua kwa 1/50 au 1/100 hukusanya mimeto mizima, ilhali kwa vipimo visivyopatana na umeme huo picha hupitiwa na mistari ya giza inayotambaa. Kwa kuwa alasiri za huku hugeuka giza ghafla wingu linapotanda, taa huhitajika bila kutarajiwa, na ni vyema kamera iwe tayari imepangwa kwa ajili yake.

Aprili: mvua

Mvua za masika zimeanza, na Kakamega mvua ya alasiri huja na radi, na mara nyingine na mawe. Juu ya mabati hakuna linalosikika isipokuwa yenyewe, na dari nyembamba haipunguzi kitu cha maana. Kuzuia sauti kama hiyo kungehitaji uzito juu ya dari ambao nyumba haiwezi kuubeba, kwa hiyo tumebadilisha saa badala ya jengo.

Tunarekodi asubuhi baada ya watoto kwenda shule na kabla kinu cha posho kilichoko barabarani hakijawashwa. Usiku, ambao wengi wangeudhania kuwa bora, una nyenje, na mlio wao uko katika eneo lilelile la mng'ao wa nyuzi nyembamba, hivyo huwezi kuupunguza bila kulififisha gitaa. Matrekta ya miwa hupita bila ratiba. Likipita, tunasubiri liishe kabisa, kwa kuwa mngurumo wake uko chini, na hedifoni pekee ndizo zinazoutambua kabla hujaharibu rekodi.

Mei: kuhariri na kupakia

Ninahariri kwa programu mbili za bure, Audacity kwa sauti na Shotcut kwa video. Kazi ya sauti nimeiweka kuwa ndogo kwa makusudi: ninakata kila kilicho chini ya hezi 70, ambako gitaa halina noti, kwa kuwa uzi wake mzito huanzia hezi 82; ninapunguza kidogo eneo la hezi 114 kwa sababu ya mabaki ya uvumi wa chumba; kisha ninasikiliza kwa spika ya simu kabla ya hedifoni.

Mpangilio huo wa kusikiliza una maana kubwa. Watazamaji wengi watasikia muziki huu kwa spika ndogo ya simu, ambayo haiwezi kutoa hezi 82 wala 110. Wanachosikia ni sauti zilizo juu ya noti hiyo, zile za mara mbili, mara tatu na mara nne yake, na ubongo hujaza ile ya chini ambayo haikutolewa. Kwa hiyo nyongeza ya hezi 80 haimfikii mtazamaji huyo hata kidogo. Nyongeza ndogo ya desibeli mbili kati ya hezi 160 na 330 ndiyo iliyolifanya gumba lisikike likitembea hata kwenye simu ya kawaida iliyowekwa mezani, na kwenye hedifoni haikuharibu chochote. Siku niliyolisikia gumba likitoka kwenye simu hiyo, nilifurahi kwa dhati.

Nyimbo tunazichukua moja moja na kuanza upya kinasa na kamera kila mara. Saa za vifaa viwili hazilingani kikamilifu, na katika rekodi ndefu picha na sauti huachana polepole. Katika wimbo wa dakika tatu tofauti haionekani. Nyimbo zenyewe zina urefu huo kwa asili, kwa kuwa zilitungwa katika zama ambazo upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua takriban dakika tatu.

Ukubwa wa faili ni suala la fedha kwa anayepakia kwa bando. Kwa video ya pikseli 1080, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 60 kwa dakika, yaani takriban 180 kwa wimbo mmoja. Kiwango cha sauti nimekiweka karibu na LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa sababu YouTube huishusha video iliyo juu ya hapo, lakini haiipandishi iliyo chini. Nakala ya sauti isiyobanwa, yenye takriban megabaiti 17 kwa dakika, ninaihifadhi kwenye diski mbili zilizo katika nyumba tofauti, kwa kuwa akaunti ya mtandaoni inaweza kufungwa, na simu inaweza kuibiwa.

Baba mdogo amechagua nyimbo zake mwenyewe kwa awamu ya kwanza, na ameridhia kila moja baada ya kuitazama hadi mwisho. Moja aliikataa, kwa kuwa alisema kidole cha shahada kilichelewa katika ubeti wa mwisho, na tumeirekodi upya.

Hali ya mradi sasa: awamu ya kwanza imepakiwa, kila wimbo ukiwa na maelezo ya mahali penseli ilipofungwa na jinsi nyuzi zilivyowekwa. Kazi iliyo mbele ni kutafsiri mashairi ya Kiluhya kwa Kiswahili na kuyaweka chini ya picha, katika sehemu ya fremu ambayo haiufuniki mkono wa kulia. Baada ya hapo tutarekodi kila wimbo kwa mwendo wa polepole, simu ikiwa karibu zaidi na gumba, na kinasa sauti kikibaki palepale mbele ya freti ya 12.